Jicho la Kushoto la Dada

Tarehe 2 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Gitaa limefika salama. Dereva wa basi alilibeba mwenyewe mpaka mlangoni, akakataa kuondoka hadi nifungue sanduku naye aone, maana njia nzima alikuwa akijiuliza ni mtoto wa nani huyu anayesafirishwa na matandiko mengi namna ile. Umelifunga kwa mablanketi mawili na foronya tatu, Mjomba. Foronya moja ni ya mama. Anasema aliitafuta tangu mwaka juzi.

Limependeza. Ule mti mwekundu umeung'arisha mpaka naona meno yangu ndani yake. Shingo inateleza mkononi vizuri kuliko gitaa lolote nililowahi kushika, na nimeshika mengi, hata yasiyo yangu. Watoto wa darasa langu la muziki wamepanga foleni kuligusa kwa kidole kimoja kimoja.

Sasa habari kubwa. Harusi ya mama imepangwa Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Ana mambo mawili tu anayoyataka. Mengine, anasema, tufanye tutakavyo. La kwanza, aingie ukumbini huku nikimpigia ule wimbo wako usio na maneno, uliomtungia alipofaulu mtihani wa uuguzi, na niupige kwa gitaa la mkono wako. La pili, wewe ndiye umshike mkono na kumwingiza. Anasema babu hayupo, baba yangu hayupo, na katika wanaume wote waliobaki duniani ni wewe tu ambaye hatamwonea haya hata akijikwaa.

Kuna jambo moja dogo. Gitaa lina furaha kupita kiasi. Sauti nzito ni tamu kabisa, ila nyuzi nyembamba zinachoma. Nikigusa uzi wa kwanza ni kama mtu amekwaruza sahani ya bati kwa kijiko. Mama hunisikiliza kutoka kwenye kiti chake, na kila nikifika sehemu ya juu ya wimbo, jicho lake la kushoto linafumba lenyewe. Unalijua lile jicho. Bila shaka kosa ni langu. Nishauri.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 9 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa nimekaa. Kuhusu foronya, sina la kusema mpaka nipate wakili.

Mwambie dada nimefurahi mpaka nimekosea kupiga msumari. Miaka sitini na moja, na bado kuna mtu anamtaka! Na jicho lake nalijua tangu utotoni. Nilipotengeneza gitaa langu la kwanza kwa debe la mafuta, nilikuwa nikipiga hivi, nalo linafumba hivi. Mama yetu alidhani mtoto ana ugonjwa.

Lakini gitaa, hapana, gitaa halina kosa. Chiriku, miaka mitatu sasa hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kwangu kulalamika. Zamani walikuwa wakirudi kila wiki, huyu anataka sauti nzito zaidi, yule anasema lake lina mafua. Siku hizi kimya. Fundi akiona kimya cha namna hiyo ajue amefika.

Kosa ni chumba chako. Bati juu, saruji chini, madirisha hayana mapazia. Humo ndani hata kikohozi kinakuwa kikali. Tundika kitu ukutani. Nyuzi nazo bado mpya, zipige wiki nzima zichoke. Halafu zitazame pikapu, vile vidude viwili vya sumaku na waya wa shaba vilivyo chini ya nyuzi, ambavyo nilikufundisha kuvizungushia waya ukiwa na miaka kumi. Pembeni vina skrubu. Vishushe, upande wa nyuzi nyembamba uwe chini zaidi, mpaka sarafu mbili ziingie kati ya sumaku na uzi. Pikapu ikikaribia uzi kupita kiasi ni kama mtu anayekuzungumzia puani.

Harusini sitaweza kuja. Mwezi wa nane nina kazi mpaka shingoni. Na kusema kweli mikusanyiko imenishinda. Watu wa siku hizi hawafungui midomo wakizungumza, kila mmoja ananong'ona kama aliyeiba. Ndiyo maana hata simu nilimpa jirani. Mtu akinipigia ni kama yumo ndani ya pipa la maji. Barua ndiyo mazungumzo ya watu wenye adabu. Katika mji wenu wote anayesema sawasawa ni mmoja tu, huyo mchumba wa dada. Alipokuja kujitambulisha mwaka jana nilimwelewa kila neno, nikajua dereva huyu wa treni ni mtu mkweli.

Dada ataelewa.

Mjomba wako


Tarehe 21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote, na nimeongeza mengine.

Nimetundika mapazia, na godoro la wageni nimelisimamisha ukutani. Nyuzi nimezipiga mpaka zimechoka kuliko mimi. Pikapu nimezishusha, na sarafu mbili zinapita bila kugusa kitu. Kisha nikakumbuka mafundisho yako ya zamani, nikatoa kile kidude cha kuzungusha cha kurekebisha sauti, chenye ukinzani wa omu laki tano, nikaweka cha laki mbili na nusu, maana uliniambia kidogo humwaga ukali zaidi ya kikubwa. Nikakumbuka pia kwamba waya mrefu hula sauti kali ikiwa njiani, nikaazima waya wa mita kumi na mbili, nikaupitisha sebuleni. Mchumba wa mama akajikwaa nao, akaangukia kapu la vitunguu. Alikaa hapo chini akatangaza kwa mtaa mzima kwamba miaka thelathini na minane kazini hajawahi kutoka relini, ameanza leo. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hiyo hali ni nafuu. Jicho la kushoto sasa linafumba nusu.

Lakini kuhusu kutokuja kwako hakucheka. Nilimsomea barua yako, akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Ameumia, Mjomba. Nakwambia wazi kwa sababu yeye hatakwambia. Jana alikuwa akijaribu viatu vya harusi, akaniuliza kama mtu anaweza kuingia ukumbini peke yake bila kuonekana ameachwa.

Nimekutana na yule mpiga gitaa wa hoteli ya stesheni, uliyemtengenezea gitaa la buluu mwaka juzi. Anakusalimu sana, anasema hajawahi kuona fundi kama wewe. Tulizungumza mengi. Nitakueleza nikipata nafasi.

Chiriku


Tarehe 28 Juni

Chiriku,

Marahaba. Jicho nusu? Basi gitaa limeshapona, na kilichobaki ni ugonjwa wa jicho. Mwambie dada akapimwe masikio. Umri si mchezo. Mtu akizeeka masikio yake huanza kuchagua, hili nalitaka, hili silitaki. Nasema kwa upendo.

Viatu avae vya chini. Nitamtumia zawadi nzuri. Nimefikiria seti ya foronya.

Halafu "nitakueleza nikipata nafasi" ndiyo lugha gani? Tangu lini wewe ukakosa nafasi ya kusema? Ulipokuwa mdogo ulizungumza hata usingizini, ndiyo maana nikakupa jina la ndege yule. Mtu wa hoteli kasema nini?

Mjomba


Tarehe 6 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili. Soma ukiwa umekaa.

Nilimwomba yule wa hoteli anionyeshe gitaa lake la buluu. Akazungukazunguka, mara ufunguo umepotea, mara limelala. Mwishowe akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani yake kuna kapasita, kidude cha umeme, imelehemiwa, kubwa kama harage, na si mkono wako uliolehemu, maana risasi ya kulehemu imemwagika kama uji. Nikamuuliza ya nini. Akaangalia dari. Akasema, "Inakunywa ule ukali. Bila hiyo wageni walikuwa wanaondoka na supu zao." Nikamuuliza mbona hakukurudishia. Akasema yeye ni nani amwambie mzee kama yule kwamba gitaa lake linatoboa.

Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya. Lake la mwaka jana halina kitu ndani, ila spika yake ameivika blanketi la mtoto, na mtoto mwenyewe sasa anadai blanketi lake. Nikaenda kwa yule daktari wa meno anayepiga gitaa siku za mapumziko. Kile kitufe cha kupunguza sauti kali amekigundisha kwenye sifuri, kwa gundi ileile anayogundishia meno ya watu. Anasema gitaa likiwa wazi linalia kama mashine yake ya kutobolea, naye hapendi kukumbushwa kazi akiwa nyumbani. Nilimuuliza kama amewahi kukwambia. Akaniuliza kama nina akili timamu.

Kwa hiyo kimya chako cha miaka mitatu ni hiki, Mjomba. Watu wote wanakupenda, na kila mmoja amekutibia gitaa lako mafichoni.

Nikachukua kipimo changu cha umeme nikapima pikapu zote. Gitaa langu la zamani, ulilonipa nikiingia chuo, pikapu yake inasoma omu elfu sita kasoro kidogo. La buluu, elfu tano na kidogo. La mwalimu wa kwaya, elfu nne na mia saba. La daktari wa meno, elfu nne na nusu. Langu hili jipya, elfu nne na mia moja. Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake. Mizunguko ya waya ikipungua, namba hushuka na sauti hupanda ukali. Kila gitaa unapunguza mizunguko. Nami najua mkono wako hausahau hesabu, kwa hiyo unapunguza makusudi, kwa sababu unasikiliza na kuona bado.

Kuna swali moja naogopa kukuuliza. Nadhani unalijua.

Wewe ndiye uliyeniambia fundi asiyeambiwa ukweli hana tofauti na fundi aliyefukuzwa. Nimekwambia. Usinichukie.

Chiriku


Tarehe 25 Julai

Mdogo wangu,

Siku kumi na tisa mtoto anakimbilia kila basi linaloingia, anarudi mikono mitupu. Hali chakula vizuri. Anadhani ameua mtu. Kwa hiyo naandika mimi, na mimi sinong'oni.

Uliniambia nikapimwe masikio. Nilicheka sana. Nyani haoni kundule. Nilikwenda kweli, kwa sababu mimi ni mtu wa kutii, na yule binti wa hospitali alisema nina masikio ya msichana. Cheti nimekiambatisha. Kitundike karakana.

Sasa sikiliza, au soma, kwa kuwa ndilo unaloliweza. Mwaka jana ulipokuja kwangu niliweka birika jikoni nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, birika lilikuwa likipiga filimbi mpaka majirani wamechungulia, maji yamekaribia kukauka, na wewe umeketi hatua mbili kutoka hapo ukisoma gazeti. Ukaniambia unachopenda kwenye nyumba yangu ni utulivu wake.

Nilijua siku hiyo. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi miaka thelathini na sita, nimewaambia watu wasionijua habari nzito kuliko hiyo. Kwako nikashindwa. Nilisema nisubiri aseme mwenyewe, nawe ulikuwa unasubiri nisigundue, na hivyo tukakaa tunasubiriana kama mabasi mawili kwenye daraja jembamba. Basi nami nilikuwa mmoja wa wale wenye mablanketi na gundi. Nisamehe kwa hilo.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe huumwi hata kufa, masikio tu yamezeeka kabla ya kichwa. Nenda kapimwe.

Na jambo la harusi. Kazi mpaka shingoni, unasema. Mimi nakujua. Unaogopa kusimama katikati ya watu wanaocheka usijue wanacheka nini. Mdogo wangu, sikukuita uje usikilize. Hotuba zenyewe, ukizikosa umepona. Nimekuita uje unishike mkono. Mkono hausikii, unashikwa tu.

Dada yako


Tarehe 4 Agosti

Dada, na Chiriku,

Shikamoo dada. Chiriku, nami nakuamkia kabla hujaniamkia, ili ujue sijakuchukia hata dakika moja. Nilikasirika, ndiyo. Siku ya kwanza niliwakasirikia wale wateja watatu. Watu wazima, wana meno yao na mishahara yao, wanajificha na kapasita kama watoto wenye sukari! Siku ya pili nikakukasirikia wewe. Siku ya tatu nikajipima mwenyewe na kipimo changu, pikapu zote zilizo karakana, na kipimo hakina adabu, kikasema vilevile ulivyosema. Baada ya hapo nilikuwa naona haya tu, na haya haziandiki barua.

Nimekwenda kupimwa. Walinivisha vidude vya masikioni, wakanipa kitufe, wakaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa nasubiri mashine iwashwe. Nikakaa. Nikamwangalia yule mama wa vipimo, akanitabasamia, nikamtabasamia. Baada ya muda nikamuuliza tunaanza lini. Akaniambia tumemaliza.

Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka akanipa maji. Miaka mitatu nimebeba kitu hicho kama gunia, na kumbe ndani yake mlikuwa na kichekesho. Sauti nzito nasikia zote. Za kati nasikia nyingi. Zile nyembamba za juu hazipo tena, zimehama bila kuaga. Watanitengenezea vifaa vya masikio, vitakuwa tayari mwezi wa tisa.

Chiriku, ulivyofikiria ndivyo ilivyokuwa. Kila gitaa nililomaliza niliona halisemi. Napunguza mizunguko mia mbili, nasikiliza, bado. Napunguza tena. Nilidhani waya wa siku hizi umeharibika. Nilimgombeza muuza waya mpaka akahamia mtaa mwingine. Itabidi nimtafute nimwombe radhi.

Ndani ya kopo la biskuti lililokuja na barua hii kuna pikapu mbili mpya. Nimefungua daftari la mwaka ulioingia chuo, nimezungusha mizunguko elfu nane kamili kila moja, nikihesabu kwa sauti. Sijazisikiliza. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kazi inatoka mikononi mwangu bila kuisikiliza, na nimekaa na kopo hilo siku mbili nikiogopa kulipeleka kwenye basi. Kile kidude cha laki mbili na nusu kiache kama ulivyokiweka, ulikuwa sahihi. Zifunge, halafu uniambie ukweli. Ukinificha hata kidogo, nitajua umejiunga na daktari wa meno.

Kuhusu kuja, dada, maneno yako yameniingia. Lakini bado naogopa. Sitaki siku yako iwe siku ya watu kunirudia kila neno mara tatu.

Mdogo wako, na Mjomba


Tarehe 14 Agosti

Mjomba, mjomba, mjomba,

Shikamoo mara mia. Nimezifunga jana saa tisa alasiri. Nilijichoma na chuma cha kulehemu, haidhuru. Nikamwita mama akae kwenye kiti chake, nikamwomba asiseme chochote, atulie tu. Sikutazama nyuzi hata mara moja. Nilitazama jicho.

Nikapiga sehemu ya chini, jicho wazi. Nikapanda katikati, wazi. Nikafika kule juu kabisa, kwenye uzi wa kwanza, nikaupiga kwa nguvu zangu zote, na jicho likabaki wazi, Mjomba, wazi kama dirisha. Kisha yote mawili yakajaa machozi, akainuka akacheza peke yake na ufagio. Sauti nyembamba zipo zote, ila sasa zinang'aa bila kukata. Ndiyo sauti ya gitaa langu la zamani, imeongezewa utamu. Mikono yako inasikia vizuri kuliko masikio ya watu wengi.

Kuna tatizo lakini. Leo nimekwenda kuona ukumbi. Chini vigae, pande tatu vioo. Nilipiga makofi mara moja, yakanirudia manne. Humo ukali utafufuka, na utabadilika tena watu wakijaa. Mimi nitakuwa napiga, siwezi kupiga na kuzungusha vitufe vya amplifaya kwa wakati mmoja. Anahitajika mtu wa kusimama kando ya amplifaya, anayejua kila kitufe, na ambaye hatategemea masikio, maana masikio ya kila mtu humo yatadanganywa na vioo. Anahitajika mtu wa kulitazama jicho la mama. Mtu aliyelitazama tangu enzi za debe la mafuta.

Sioni mwingine.

Dereva wa treni naye anasema uketi mkono wake wa kushoto, na lolote litakalosemwa atakurudishia mara moja tu, kwa sauti ya stesheni. Hutahitaji ya pili. Watu wa mtaa wa pili nao watafaidika.

Chiriku


Tarehe 18 Agosti

Chiriku,

Nakuja na basi la Alhamisi. Tandikeni kitanda. Foronya ninazo.

Mjomba


Tarehe 5 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, bibi harusi. Natumaini mmetulia huko mapumzikoni, na shemeji hajawaamsha wageni wengine kwa kuagiza chai.

Nimerudi salama. Bado nausikia mkono wako kwenye wangu. Ulikuwa unatetemeka, dada, na wewe uliniambia wangu ndio ulikuwa ukitetemeka. Tugawane. Tulipoingia na Chiriku akaanza ule wimbo, wa chini niliusikia na wa katikati niliusikia, na kule juu nilipokuwa nikisikia utupu nilikutazama usoni nikauona. Sikukosa hata kipande.

Vifaa vya masikio nimevipata juzi. Nimegundua kandambili zangu zinalia kama vifaranga. Miaka mitatu natembea hivyo mbele za watu! Birika langu limenirusha roho. Kisha nikachukua lile gitaa la mfano nililolitengeneza mwezi wa tano, nikaliwasha, nikagusa uzi wa kwanza. Nilijiona kwenye kioo cha karakana. Jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba. Wateja wote watatu nimewaandikia walete magitaa yao, na mtoto wa mwalimu wa kwaya arudishiwe blanketi.

Jambo moja linaninyima raha, nawe ndiye wa kuniambia. Ulipokwisha kusimama kando ya shemeji, mimi nikaenda kwenye amplifaya kama tulivyopanga. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Chiriku alipofika sehemu ya juu mara ya pili, nikaona jicho la kushoto limefumba. Nikaruka, nikapunguza sauti kali hatua mbili. Gitaa likawa zito kama limevaa sweta mbili, na Chiriku akanitazama kama niliyemkanyaga. Namba zilikuwa sahihi, pikapu zilikuwa sahihi, sasa sijui nini kilikuchoma. Usinifiche kwa kunionea huruma. Yaliyotokana na huruma tumeyaona. Nieleze, nirekebishe.

Mdogo wako


Tarehe 12 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Tumeapa hakuna kufichana tena, kwa hiyo nitasema, ingawa shemeji yako anasoma juu ya bega langu na anaona haya.

Gitaa lilikuwa sawasawa mpaka ulipolishika. Hakuna kilichonichoma. Nilisikia kila uzi, wa chini na wa juu, na sauti ile ya juu iliniingia bila kuniumiza, nikajisikia nina miaka ishirini na mbili, na cheti cha uuguzi mkononi, na ndugu yangu mlangoni anapiga gitaa. Nikageuka, nikamwona mume wangu ananitazama. Nikamkonyeza.

Nilipokuona unaruka kwenye amplifaya kama nyumba inaungua, nilicheka mbele ya watu mia mbili, na wote wakadhani nalia kwa furaha. Walikuwa sahihi pia.

Mwambie Chiriku avirudishe vitufe vilipokuwa. Na siku nyingine ukiona jicho langu limefumba, kabla hujagusa chochote, tazama kwanza limeelekea kwa nani.

Dada yako, mke wa mtu